Kitanzi chenye homoni ndani ya siku tano: je, nilimtafsiria vibaya yule mama?

Mkalimani wa Kigoma aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwenye kliniki na hospitali za hapa Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Nimezaliwa Kigoma, na kabla ya kuja huku nilikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa hiyo mambo ya uzazi wa mpango si mageni kwangu. Ninaowatafsiria karibu wote ni Wakongo wa Fizi, Uvira na Bukavu, wengi walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tunaelewana vizuri, mpaka siku tusipoelewana.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mama mmoja (nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha) kondomu ilimpasukia Ijumaa usiku, akapata nafasi ya kufika kliniki Jumanne mchana. Saa 72 za P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, zilikuwa zimepita, saa 120 bado. Muuguzi alimweleza kuhusu kidonge kingine, ulipristali, ambacho kinafika hizo saa 120. Halafu akaweka juu ya meza vitanzi viwili vya mfano, vile vinavyowekwa ndani ya kizazi kuzuia mimba, vyote vya umbo la herufi T, urefu wake kama nusu ya kidole changu cha shahada. Kimoja kimezungushiwa waya wa shaba unaong'aa. Kingine cheupe, shina lake nene kidogo kwa sababu homoni imefungwa humo. Akasema mama achague, vyote viwili wanaviweka kwa dharura.

Hapo nikakwama. Kigoma nilifundishwa, nami nikawafundisha wenzangu, kwamba kitanzi cha dharura ni cha shaba tu. Cha homoni ni cha kupanga uzazi, basi. Sheria ya kazi yetu ni kwamba mkalimani akitaka kusema lake lazima ajitaje, kwa hiyo nikasema, "Mkalimani anaomba ufafanuzi," nikauliza. Muuguzi hakukasirika. Akasema kuna utafiti uliofanyika hapa hapa Utah, ukiongozwa na Daktari David Turok wa Chuo Kikuu cha Utah, ukachapishwa mwaka 2021 kwenye New England Journal of Medicine, na kwamba ndio uliowafanya waanze kutoa vyote viwili. Zamani walikuwa wanampa mwanamke kitanzi cha homoni pamoja na kidonge cha dharura. Sasa kitanzi peke yake.

Nikamgeukia mama nikaanza: "Kitanzi hiki cha shaba..." Akavuta kiti nyuma. Akashika koo. "Kitanzi? Ile ya kunyongea mutu?" Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka yote nimesema kitanzi bila kufikiri kwamba neno lenyewe ni la kamba. Nikaeleza kwa mikono, akaelewa, akasema, "Aah, sterilet!" Tukaendelea.

Nikaendelea: "Hiki cheupe kinatosha peke yake, huhitaji kidonge." Akanitazama kwa wasiwasi, akauliza, "Kinatosha nini?" Sikuelewa anachouliza. Nikarudia vilevile, polepole zaidi. Akanyamaza.

Mwishoni muuguzi akasema sentensi ambayo kwa Kiingereza ilikuwa na tahadhari nyingi ndani yake, kwamba utafiti haukukuta cha homoni kimezidiwa na cha shaba kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mimi nikasema: "Vyote ni sawasawa." Maneno matatu. Yule mama akachagua kwa kutegemea maneno yangu matatu. Alichagua kipi sitasema, hiyo ni siri yake. Lakini tangu siku hiyo silali vizuri.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Utafiti huo unasema nini hasa, na kwa nini huko nyumbani bado tunasema shaba tu? Na je, "sawasawa" ni uongo? Alhamisi ijayo nina zamu tena kliniki hiyohiyo.

---

Mkunga mstaafu, Tanga:

Marahaba mwanangu.

Kwanza ondoa hofu kuhusu yale uliyofundishwa. Hukufundishwa uongo. Shirika la Afya Duniani kwenye kinga ya dharura limekuwa likitaja vidonge na kitanzi cha shaba, na ndivyo tulivyofanya kazi maisha yetu yote. Shaba ina ushahidi wa miaka mingi. Mwaka 2012 watafiti walichapisha mapitio ya tafiti 42, wanawake zaidi ya 7,000 waliowekewa kitanzi baada ya tendo, sehemu kubwa wakiwa China, na waliopata mimba hawakufika hata mmoja kwa kila elfu. Hakuna kidonge kinachofika hapo.

Mimi nimeweka hiki cha shaba, T380A, kwa miaka mingi. Hiyo 380 ni eneo la shaba kwa milimita za mraba, wanafunzi wangu nilikuwa nawauliza kila mwaka na kila mwaka walikuwa wanadhani ni idadi ya siku. Shaba inamwaga chembechembe zake ndani ya kizazi, mbegu ya kiume inazubaa, haina nguvu ya kufika kwenye yai. Inaanza kazi siku hiyohiyo. Ndiyo maana ukiweka hata siku ya tano bado unaokoa.

Hiki cha homoni asili yake Finland, profesa Tapani Luukkainen na wenzake, kikaanza kuuzwa huko mwaka 1990. Homoni yake ni levonorgestreli, ileile ya P2. Sasa fanya hesabu nami. P2 ina vidonge viwili vya miligramu 0.75, jumla 1.5. Kitanzi kimebeba miligramu 52, lakini kinaachia mikrogramu kama 20 tu kwa siku. Dozi moja ya P2 ni sawa na kinachotoka kwenye kitanzi siku 75! Ndiyo maana sisi wa zamani tulikuwa tunasema hapana, homoni hiyo ndogo mno kuzuia yai lisitoke leo. Wala kwa kawaida kitanzi hiki hakitegemei kuzuia yai. Kazi yake kubwa iko palepale kilipo: kinafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zisipite, na ukuta wa kizazi unakuwa mwembamba.

Kwa hiyo utafiti wa Utah hata mimi ulinishangaza binti yangu aliponisomea. Lakini kushangaa si kukataa.

Jambo moja sijaliona kwenye maelezo yako, na kwangu ni kubwa kuliko yote: hedhi. Je, mama aliulizwa hedhi yake ikoje? Shaba huongeza damu na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Mwanamke ambaye tayari anabadilisha kanga mara nne kwa siku, ukimwekea shaba atarudi baada ya miezi mitatu anataka kitolewe, na hapo hana kinga yoyote. Cha homoni kinapunguza damu, wengine inakata kabisa, na hilo nalo lazima aambiwe mapema, vinginevyo ataona hedhi imepotea adhani ana mimba. Niliwahi kumpokea mwanamke aliyewekewa cha homoni mjini, kwa daktari binafsi. Alikuwa ameshanunua vipimo sita vya mkojo. Sita! Hakuna aliyemwambia.

Halafu uzito. P2 kwa mwanamke mnene nguvu yake inapungua. Kitanzi, chochote kati ya hivyo viwili, hakijali kilo.

Na mwambie muuguzi wako akutamkie wazi kila mara: kinazuia mimba isiingie. Mimba iliyokwisha kutunga hakikusudiwi kuitoa, ndiyo maana wanapima mkojo kwanza. Wanawake wetu wanauliza hilo kwa macho kabla ya mdomo.

---

Mwanahesabu wa Eldoret:

Dada, pole kwa kukosa usingizi. Mimi nasomea takwimu za afya, na makala hiyo tulichambua darasani mstari kwa mstari, kwa hivyo niruhusu nikuletee namba zenyewe. (Huku kwetu tunaita koili, lakini nitatumia kitanzi ili tusichanganyane.)

Waliwagawa wanawake kwa bahati nasibu: 355 wapewe cha homoni, 356 cha shaba. Wote walikuwa wa miaka 18 hadi 35, wamekuja ndani ya siku tano baada ya tendo bila kinga, na hedhi zao ni za mpangilio. Kazi ilianza Agosti 2016 ikaisha Desemba 2019. Waliowekewa kweli na kupatikana tena baada ya mwezi walikuwa 317 kwa homoni na 321 kwa shaba. Mimba: homoni moja. Shaba hakuna.

Ukiishia hapo utasema shaba imeshinda, moja kwa sifuri, kama mpira. Sivyo. Tukio moja katika watu 317 linaweza kuwa bahati tu. Ndiyo maana wanaweka kadirio la juu na la chini. Kwa homoni walipata asilimia 0.3, lakini ukweli unaweza kufika hadi 1.7. Na tazama hili, kwa sababu darasani ndipo wengi tulipoteleza: ile sifuri ya shaba nayo ina kadirio la juu, 1.1. Yaani hata shaba katika utafiti huu pekee haikuthibitishwa kuwa sifuri. Inaaminika zaidi kwa sababu nyuma yake kuna yale maelfu aliyoyataja mkunga.

Swali la utafiti halikuwa "je, ni sawa?" Lilikuwa "je, tukikubali cha homoni kinaweza kuzidiwa kidogo, kinazidiwa kwa kiasi gani kwa ubaya wake wote?" Kabla ya kuanza walijiwekea mpaka: tofauti isizidi alama 2.5 za asilimia. Matokeo yakaonyesha tofauti ya 0.3, na kwa ubaya wake wote 1.8. Iko ndani ya mpaka. Basi wakasema hakizidiwi kupita kiasi tulichokubali. Kwa hivyo "sawasawa" imeruka hilo neno "kiasi tulichokubali", na humo ndimo uamuzi wa binadamu ulimo. Kuna mwanamke ambaye kwake 1.8 ni kidogo. Kuna mwingine ambaye kwake ni kubwa sana.

Udhaifu wake? Kwangu mimi kuna mmoja mzito. Hakukuwa na kundi ambalo halikupewa chochote, na haki yao, nani angekubali kuwa humo? Lakini matokeo yake ni kwamba hatujui kwa uhakika ni wangapi kati ya wale 317 wangeshika mimba hata wasingewekewa kitu. Si kila tendo linaleta mimba. Pia wale waliopima mkojo mwisho wa mwezi walikuwa 290 kwa homoni na 300 kwa shaba, waliobaki walifuatiliwa kwa njia nyingine. Utafiti mmoja, jimbo moja. Mimi ningekuwa naandika mwongozo wa nchi ningetaka wa pili kabla ya kubadilisha kitabu. Ningekuwa muuguzi mbele ya mama ambaye hataki shaba kabisa, ningempa cha homoni bila kusita, maana bila hicho anaondoka na kidonge tu au anaondoka mikono mitupu.

Hilo la mwisho si nadharia. Kundi hilohilo la Utah walichapisha utafiti mdogo mwaka 2016 ambapo wanawake walichagua wenyewe: shaba, au homoni pamoja na kidonge. Kati ya 188, waliochagua shaba ni 67. Wengine 121 walitaka homoni. Unaona basi kwa nini waliendelea kuuliza swali hili. Walikuwa na dawa bora kabisa mezani na thuluthi mbili ya wanawake hawaitaki.

---

Mama wa Uvira:

Jambo dada. Mimi ni Mukongo wa Uvira, niko Kentucky sasa, nami nafanya kazi ya kutafsiri kama wewe.

Wote wamekujibu mambo ya munganga, lakini hakuna aliyeona shida yenyewe. Ile "kinatosha". Dada, kwetu kutosha ni kuondoa. Tunasema "tosha viatu", "tosha mutoto kwa maji". Na tena tunasema "kutosha mimba". Wewe ulimwambia yule mama: hiki cheupe kinatosha. Ndio maana aliuliza kinatosha nini! Alikuwa anataka kujua kama munamutosha mimba. Ukarudilia polepole, akasikia tena neno lilelile. Na alinyamaza kwa sababu sisi mbele ya munganga tukiogopa tunanyamaza.

Usilie. Mimi ilinifikia na mama mumoja wa muji wa Baraka, kwa dawa ya malaria. Nilikuwa nimeiga Kiswahili cha Tanzania ili nionekane nimesoma. Nikamwambia "vidonge vitatu vinatosha", akaniuliza vinatosha damu?

Sema "kinaenea peke yake". Ao sema tu "hautakunywa kidonge pamoja nacho". Na hii sterilet, mama wa mjini ataijua. Mama wa kijiji hataijua, usimupe jina, mupe kitu mkononi mwake akiguse. Ukisema "haraka" ataelewa kuliko "dharura". Mimi nasema "ya kuzuia mimba ya haraka, kama kondomu imepasuka".

---

Mkalimani wa Kigoma:

Nimesoma hili la Mama wa Uvira nikiwa kwenye basi nikashuka kituo kisicho changu. Kinatosha nini. Alikuwa ananiuliza swali la maana kuliko yote, mbele ya watu wawili waliokuja kumsaidia, nami nikamjibu kama mtu anayerudia anwani.

Asubuhi nikapiga simu kliniki nikamwomba yule muuguzi tuzungumze. Nilimwambia kilichotokea, neno kwa neno, pamoja na maneno yangu matatu. Akasema ataomba mama apigiwe simu, mimi nikiwa kwenye laini, aulizwe kama ana swali lolote lililobaki. Tulimpigia saa tisa alasiri. Nikamtafsiria muuguzi: kitu tulichokuwekea kinazuia mimba isiingie, hakitoshi mimba. Kimya kidogo. Kisha akasema, "Ndio nilikuwa nauliza ile siku." Akauliza na hedhi. Mkunga wangu, umeona? Aliuliza yeye mwenyewe hedhi itakuwaje, na muuguzi akamweleza kila kitu, hata lile la kupotea. Na wiki ijayo atakuja kupima mkojo.

Kwa Alhamisi nimeandika haya kwenye daftari langu, na muuguzi ameyapitia nikimtafsiria kwa Kiingereza. Mnikosoe:

"Hiki cha shaba kimetumika kwa kazi hii ya haraka miaka mingi, kwa maelfu ya wanawake, na ni mara chache mno kimeshindwa. Hiki cheupe kimechunguzwa kwa wanawake mia tatu na kumi na saba hapa Utah. Mmoja alipata mimba. Wanaojua hesabu wanasema kikizidiwa na cha shaba kinazidiwa kidogo, hata kwa ubaya wake wote haifiki wawili kwa kila mia. Shaba inaongeza damu ya mwezi, cheupe kinaipunguza. Hakuna kinachoondoa mimba iliyokwisha kuingia. Vyote vinaweza kutolewa siku utakayotaka."

Muuguzi ameuliza kama "haifiki wawili kwa kila mia" inaeleweka kwa mtu ambaye hajasoma. Mama wa Uvira, nyinyi mnasemaje hapo?

---

Mama wa Uvira:

Usimuhesabie kwa mia. Chukua maharagi. Mimi nina kopo la maharagi mia moja ndani ya mufuko wangu wa kazi, mawili nimeyapaka rangi nyekundu. Ninayamwaga juu ya meza, ninamuacha aangalie mwenyewe.